Dirisha la Dawa kama Chumba cha Mtihani: Upimaji wa Stadi za Mawasiliano za Wanafunzi wa Famasia katika Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Dawa haimfai mgonjwa kwa sababu tu imetolewa. Humfaa inapotumiwa ipasavyo. Baina ya kutolewa na kutumiwa kwa dawa kuna mazungumzo mafupi ambayo hufanyika kwenye dirisha la dawa hospitalini au mbele ya kaunta ya kemisti mjini. Mazungumzo hayo huchukua dakika chache, lakini aghalabu ndiyo fursa ya mwisho ya mgonjwa kuelezwa jambo na mtaalamu kabla hajarudi kwake na bahasha ya tembe mkononi. Maelezo yakikosewa hapo, au mgonjwa asipoyaelewa, kazi yote iliyotangulia ya daktari na ya maabara huenda ikapotea bure.

Kutokana na ukweli huu, elimu ya famasia haiishii tena katika kemia ya dawa na uchanganyaji wake. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyobainisha majukumu saba ya mfamasia, na mojawapo ni kuwa mwasilianaji. Ikiwa mawasiliano ni sehemu ya taaluma, basi hayana budi kufundishwa. Na yakishafundishwa, hayana budi kupimwa. Swali linalozuka ni hili: yapimwe vipi, na kwa lugha gani?

Makala haya yanafafanua jinsi stadi za mawasiliano za wanafunzi wa famasia zinavyopimwa, kisha yanachunguza nafasi ya lugha katika upimaji huo. Mazingira yanayorejelewa ni mji wa Nyeri na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, kama vile Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka na Meru. Hoja ya msingi ni kwamba mwanafunzi anayepimwa kwa Kiingereza pekee hajapimwa katika kazi ambayo ataifanya.

Mazingira ya Lugha na ya Afya

Mafunzo ya famasia ya kiwango cha shahada yalianza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1974. Tangu hapo yamesambaa hadi vyuo vikuu vingine, kikiwemo Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya ambacho makao yake makuu yako Meru. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, kilichoasisiwa mwaka 1927, nacho kina matawi Nyeri, Embu na Meru. Lugha ya kufundishia katika taasisi hizi zote ni Kiingereza. Mwanafunzi husoma vitabu vya Kiingereza, husikiliza mihadhara ya Kiingereza na huandika mitihani ya Kiingereza.

Watu anaokutana nao dirishani ni wa namna nyingine. Nyeri na Karatina ni maskani ya Wagikuyu. Embu kuna Waembu na Wambeere. Chuka na Meru kuna wasemaji wa lahaja mbalimbali za jamii ya Kimeru. Nanyuki ni mji wa makutano, ambako wakulima hukutana na wafugaji wa Kimaasai, Kisamburu na Kiturkana, pamoja na wafanyabiashara wa Kisomali. Wanafunzi nao hutoka pembe zote za nchi. Mwanafunzi aliyelelewa Kisumu au Garissa hawezi kutarajiwa kujua Kigikuyu anapopelekwa Nyeri kwa mafunzo ya nyanjani. Katika hali hii Kiswahili huwa daraja la kwanza la kuvukia, ingawa upana wa daraja hilo hutofautiana. Kijana wa mjini hukichanganya na Sheng. Bibi mkulima wa Mukurwe-ini huenda akawa na Kiswahili cha sokoni tu.

Jambo la pili linalohusu mazingira haya ni aina ya maradhi. Mnamo Disemba 2018, serikali ya Kenya ilianzisha majaribio ya mpango wa afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri iliteuliwa kwa sababu ya wingi wa maradhi yasiyoambukiza, hususan kisukari na shinikizo la damu. Maradhi haya hayatibiwi kwa dozi ya siku tano. Mgonjwa humeza dawa kila siku, mara nyingi kwa maisha yake yote, na humeza hata siku ambazo hahisi maumivu yoyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2003 kwamba hata katika nchi zilizoendelea, ni takriban asilimia 50 tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu ambao hufuata matibabu yao kama walivyoagizwa, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango hicho ni cha chini zaidi. Hivyo basi, ubora wa maelezo yanayotolewa dirishani ni suala la uhai.

Sheria nayo haijanyamaza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Afya ya 2017, katika sehemu yake ya 8, inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa, pale inapowezekana, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sheria haisemi lugha ambayo mtoa huduma anaielewa. Mzigo wa kuvuka daraja amebebeshwa mtaalamu.

Namna Stadi za Mawasiliano Zinavyopimwa

Mwaka 1990 George Miller alipendekeza kwamba umahiri wa mtaalamu wa afya uangaliwe kama piramidi yenye ngazi nne. Katika ngazi ya chini mwanafunzi anajua. Katika ya pili anajua namna ya kufanya. Katika ya tatu anaonyesha namna ya kufanya. Na katika kilele anatenda kazini. Mtihani wa kuandika hupima ngazi mbili za chini. Mwanafunzi anaweza kuorodhesha kanuni kumi za kumsikiliza mgonjwa na bado akamkatiza kauli kila anapokutana naye. Mawasiliano hupimika kuanzia ngazi ya tatu kwenda juu.

Mbinu mbili zimekuwa nguzo za upimaji wa ngazi hiyo ya tatu. Ya kwanza ni ya mgonjwa wa kuigiza, iliyoanzishwa na Howard Barrows huko Los Angeles mwaka 1963. Mtu mzima wa afya hufunzwa kuigiza maradhi fulani kwa namna ileile mbele ya kila mwanafunzi, ili wote wakabiliwe na mgonjwa mmoja. Mbinu ya pili ni mtihani wa vituo, maarufu kwa ufupisho wa OSCE, ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliueleza mwaka 1975. Wanafunzi huzunguka kutoka kituo hadi kituo, kengele ikilia kila baada ya dakika chache. Katika kituo kimoja mwanafunzi husoma agizo la daktari na kutafuta kosa. Katika kingine humweleza mgonjwa wa kuigiza matumizi ya dawa ya kuvuta puani au mdomoni. Mtahini hukaa kando na jedwali la alama.

Jedwali hilo huwa la aina mbili. Kuna orodha ya ukaguzi, ambayo mtahini huweka alama kwa kila tendo: je, mwanafunzi alijitambulisha? Je, alihakikisha jina la mgonjwa? Je, aliuliza iwapo kuna dawa nyingine anazotumia? Kuna pia ukadiriaji wa jumla, ambapo mtahini hutoa hukumu kuhusu mazungumzo kwa ukamilifu wake: mpangilio, usikivu, heshima na uwazi. Orodha husaidia watahini wawili kukubaliana, lakini inaweza kumpa alama mwanafunzi aliyetamka kila jambo bila kueleweka. Ukadiriaji wa jumla unaukaribia uhalisia zaidi, ila unategemea busara ya mtahini. Ndiyo sababu vyuo vingi huchanganya zote mbili.

Kuhusu yanayopaswa kusemwa, wengi huongozwa na maswali matatu yaliyoenezwa na Huduma ya Afya ya Wenyeji wa Asili wa Marekani. Badala ya kuanza kuhutubu, mtoa dawa humuuliza mgonjwa: daktari alikuambia dawa hii ni ya nini? Alikuambia uitumie vipi? Alikuambia utarajie nini? Mtoa dawa hujaza mapengo tu. Mwisho, humwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi atakavyoitumia dawa. Hatua hii ya mwisho ndiyo kipimo halisi, kwa kuwa swali la “umeelewa?” hujibiwa “ndiyo” hata na asiyeelewa chochote.

Mfano ufuatao wa kubuni unadhihirisha hoja hii. Mgonjwa ni mama mzee. Dawa ni metfomini ya kisukari.

Mwanafunzi: Habari ya asubuhi, mama? Karibu uketi.
Mgonjwa: Nzuri, mwanangu. Asante.
Mwanafunzi: Daktari alikuambia dawa hii ni ya nini?
Mgonjwa: Alisema ni ya sukari.
Mwanafunzi: Ndiyo, inapunguza sukari iliyozidi kwenye damu. Alikuambia uitumie vipi?
Mgonjwa: Mara mbili.
Mwanafunzi: Vizuri. Utameza tembe moja asubuhi ukishakula, na moja jioni ukishakula. Siku za kwanza tumbo linaweza kukusumbua kidogo. Likikusumbua usiiache dawa, rudi utuambie. Sasa mama, ukifika nyumbani, utamwelezaje binti yako namna ya kuitumia?
Mgonjwa: Nitamwambia ni mbili asubuhi na mbili jioni.
Mwanafunzi: Nadhani sikueleza vizuri, mama. Ni moja asubuhi, na moja jioni. Hebu nionyeshe kwa tembe hizi.

Iwapo mtihani ungekoma kabla ya swali la mwisho, mwanafunzi angepata alama zote, na mgonjwa angeondoka akiwa na nia njema ya kumeza dawa maradufu. Si mzaha. Utafiti wa Terry Davis na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa wenye kiwango cha chini cha usomaji, asilimia 71 waliweza kueleza kwa usahihi maagizo ya kumeza tembe mbili mara mbili kwa siku, lakini ni takriban asilimia 35 tu walioweza kuonyesha idadi ya tembe ambazo wangemeza kwa siku. Kusema na kutenda ni mambo mawili.

Lugha ya Dozi

Utafiti huo ulihusu watu waliopewa maagizo kwa Kiingereza. Katika Kiswahili kuna mitego yake yenyewe, na mwanafunzi aliyefunzwa kwa Kiingereza hukutana nayo kwa mara ya kwanza akiwa mbele ya mgonjwa.

Mtego wa kwanza ni wa saa. Dawa nyingi za kuua bakteria, kama vile amoksilini, huagizwa zimezwe kila baada ya muda wa saa nane. Mwanafunzi anayetafsiri kwa haraka husema “kila saa nane”. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, saa nane ni wakati katika saa ya ukutani, yaani alasiri baada ya chakula cha mchana. Mgonjwa ana haki ya kuelewa kwamba atameza dawa mara moja kwa siku, ifikapo saa nane. Kutafsiri kwa Kigikuyu hakuondoi utata huu, kwa maana Kigikuyu nacho huhesabu saa kwa mtindo huohuo. Utata unazidi katika dawa mseto ya malaria yenye atimetha na lumefantrini, ambayo Kenya iliichagua kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali katika mabadiliko ya sera ya mwaka 2004. Dozi ya pili ya dawa hii humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Aliyeanza saa mbili asubuhi anapaswa kumeza ya pili saa kumi jioni, si saa nane.

Hapa wanafunzi wa Kiswahili wanakumbana na swali linalogusa usanifu. Katika sarufi sanifu, nomino “saa” haibadiliki katika wingi, na “masaa” huhesabiwa kuwa kosa. Hata hivyo, wasemaji wengi wa Kenya hutofautisha: “saa nane” ni wakati, “masaa nane” ni muda. Umbo linalokosolewa darasani linabeba tofauti ambayo umbo sanifu haliibebi peke yake. Mtahini anayemnyima mwanafunzi alama kwa kusema “masaa nane” atakuwa amelinda sarufi na kumwacha mgonjwa hatarini. Suluhisho salama ni kutaja nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Hapo usanifu na usalama huenda pamoja.

Mtego wa pili ni neno “mara”. Neno hili hutaja marudio na pia huzidisha hesabu. “Mbili mara tatu” ni dozi tatu za tembe mbilimbili. Kwa aliyekaa darasani ni sita. Bahasha iliyoandikwa 2 x 3 humrudisha msomaji kwenye jedwali la kuzidisha. Aidha, fomula ya “kutwa mara tatu”, iliyozoeleka sana nchini Tanzania, huenda isieleweke vyema kwa mkazi wa Othaya. Na hata anayelijua neno “kutwa” kwa maana ya mchana mzima anaweza kudhani usiku haumo.

Mtego wa tatu ni wa vipimo na vyakula. “Kijiko kimoja” kinaweza kuwa cha chai, chenye mililita 5, au cha mezani, chenye mililita 15. Mtoto hupewa dozi mara tatu ya inayostahili kwa neno moja lililoachwa. Vilevile, “baada ya chakula” hutegemea maana ya chakula. Kwa mtu ambaye chakula kwake ni githeri au mukimo, chai na mkate wa asubuhi huenda visihesabiwe, naye akaiahirisha dawa ya asubuhi hadi adhuhuri.

Istilahi nazo zina uzito. Mwanafunzi aliyejifunza “shinikizo la damu” kamusini atakutana na mgonjwa anayesema ana “presha”. Umilisi wa mawasiliano, kama ulivyoelezwa na Dell Hymes mwaka 1972, si kuijua sarufi tu, bali kujua lipi lisemwe, kwa nani, wapi na vipi. Kwa mujibu wa mtazamo huo, anayestahili alama ni yule anayelipokea neno la mgonjwa, akalitumia, kisha akaongeza lile la kitaalamu iwapo linahitajika.

Heshima, Tasfida na Siri

Mawasiliano ya kitabibu huhitaji uwazi, ilhali utamaduni huhitaji staha. Kijana wa miaka 22 anapomweleza mwanamume wa umri wa babu yake matumizi ya dawa inayoingizwa kwenye njia ya haja kubwa, hulazimika kuchagua maneno. Tasfida humsaidia: sehemu za siri, haja ndogo, tendo la ndoa. Lakini tasfida iliyopita kiasi huzaa utata. Mgonjwa aliyeambiwa tu kwamba dawa “inawekwa huku chini” anaweza kuimeza. Upimaji mzuri huangalia iwapo mwanafunzi alidumisha staha huku akihakikisha kwamba mahali na namna ya kutumia dawa vimeeleweka. Viitwa vya heshima kama “mama”, “mzee” na “nyanya” pia ni sehemu ya stadi hii, mradi jina kamili la mgonjwa limehakikishwa kwanza. Akina mama ni wengi kwenye foleni, na bahasha zinafanana.

Siri ni suala jingine. Pale ambapo mgonjwa na mwanafunzi hawana lugha ya pamoja, mkalimani huwa ni yeyote aliye karibu: mjukuu, mlinzi, au mgonjwa mwingine kwenye foleni. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hazielezwi kwa njia hiyo bila kuvunja siri. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa huficha zaidi anapojua kwamba foleni nzima inasikiliza. Kituo kimoja cha mtihani kingeweza kupima jambo hili hasa: je, mwanafunzi aliomba ridhaa ya mgonjwa kabla ya kumwita mkalimani? Je, alimtazama na kumsemesha mgonjwa, au alizungumza na mkalimani kana kwamba mgonjwa hayupo?

Pingamizi na Majibu

Yapo mapingamizi yanayoweza kutolewa. Kwanza, inaweza kudaiwa kwamba mafunzo ni ya Kiingereza na kwa hivyo mtihani hauna budi kuwa wa Kiingereza. Dai hili linachanganya lugha ya maarifa na lugha ya kazi. Mtihani wa kemia ya dawa unaweza kubaki katika Kiingereza. Mtihani wa mawasiliano hupoteza uhalali wake unapomwondoa mgonjwa halisi na kuweka mahali pake msomi anayeigiza ugonjwa kwa Kiingereza fasaha.

Pili, inaweza kusemwa kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya wenyeji wa Mlima Kenya, na kwamba kukipa nafasi hii ni kuhamisha tatizo. Pingamizi hili lina ukweli. Kiswahili fasaha cha mwanafunzi kutoka Mombasa kinaweza kumpita mkulima wa Othaya vilevile kama Kiingereza. Ndiyo maana kipimo hakipaswi kuwa ufasaha wa mwanafunzi bali uelewa wa mgonjwa. Wagonjwa wa kuigiza wawe wa viwango mbalimbali: mmoja mwenye Kiswahili kizuri, mmoja mwenye Kiswahili haba, na mmoja anayehitaji mkalimani.

Tatu ni gharama na uthabiti. Kuwafunza waigizaji na watahini kwa lugha zaidi ya moja huchukua muda. Hata hivyo, vituo viwili au vitatu katika mzunguko mmoja vinatosha kuanzia, na waigizaji wanaweza kupatikana miongoni mwa wakazi wa miji yenyewe.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba mtihani wa vituo, mgonjwa wa kuigiza, orodha ya ukaguzi na mbinu ya mgonjwa kueleza tena ni zana imara, lakini uimara wake hutegemea lugha inayotumiwa. Katika miji ya Mlima Kenya, lugha hiyo kwa kiasi kikubwa ni Kiswahili, kikisaidiwa na lugha za wenyeji.

Kazi hii haiwezi kuachiwa walimu wa famasia pekee. Idara za Kiswahili zina wataalamu wa sajili, tafsiri na isimujamii, na wanafunzi ambao wamezoea kuchambua sajili ya hospitalini vitabuni bila kuipeleka hospitalini. Wanaweza kuandika miswada ya wagonjwa wa kuigiza, kuyakagua maandishi ya bahasha za dawa, kukusanya maneno ambayo wagonjwa wa Nyeri, Embu na Meru huyatumia kutaja maradhi yao, na kukaa pamoja na watahini wanapotunga jedwali la alama. Usomi wa Kiswahili umekuwa ukidai kwa muda mrefu kwamba lugha hii inaweza kubeba sayansi. Hapa kuna mahali pa kulithibitisha dai hilo, na atakayetoa hukumu si profesa, bali ni mama mzee anayerudi nyumbani akijua kwamba ni tembe moja asubuhi na moja jioni.